Wiki Ambayo Mume Wangu Alikula kama Watu wa Kale

Nilikuwa nimekwisha kuzaa, kusomesha na kuozesha, na bado kulikuwa na jino ambalo halijatoka kinywani mwangu. Sikulijua. Lilijitambulisha lenyewe asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa ndiyo zimeanza, nilipouma mkate wa jana ili nisichelewe darasani. Maumivu yalipanda kutoka nyuma kabisa ya taya hadi sikioni. Nilifundisha saa zote za siku ile nikiwa nimeshika shavu, na wanafunzi wangu, ambao kwa kawaida wana kelele, walinihurumia wakanyamaza.

Daktari wa meno alikuwa binti kijana mwenye miwani, mcheshi, aliyekuwa na kliniki ndogo upande wa soko. Alinipiga picha ya taya, akainua ile filamu kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, angalia. Hii jino iko nalala. Ilitaka kutoka, ikakosa nafasi, njo maana inasukuma mwenzake."

"Sasa Mungu alinipa jino, akasahau kunipa nafasi ya kuiweka?"

"Nafasi ilikuwa. Ya bankambo." Hivyo ndivyo tunavyowaita babu na bibi huku kwetu Katanga, hata wale wa zamani sana ambao hakuna anayewajua. "Taya ya bankambo ilikuwa murefu. Beye balikuwa banatafuna, mama. Siye tunameza tu."

Nilipomwambia kwamba mimi ni mwalimu wa biolojia alicheka hadi akaweka chini koleo lake. Kisha akalichukua tena, na kicheko chote kikaishia hapo.

Nilirudi nyumbani bila jino lile, nikiwa na shavu la kifaru. Wakati ule mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tenke, ambako anaishi tangu marehemu baba mkwe alipokuwa akifanya kazi ya reli. Ni mama wa Kasai kwa asili, mwembamba, mwenye meno yake yote, na hapendi kukaa bila kazi. Alinipokonya jiko langu siku ileile. Alinipikia uji mlaini, akaupoza, akakaa mbele yangu kuhakikisha naumaliza. Mume wangu naye, ambaye huniambia kila siku kwamba simpi nafasi ya kuzungumza, alipata nafasi ile kwa siku kadhaa na akaitumia vizuri.

Kwa kuwa sikuweza kusema, nilisoma. Maneno ya yule binti yalikuwa yamenikaa. Kila mwaka nilikuwa nikifundisha kwamba miili yetu ina historia, lakini nilifundisha kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Sasa nilikuwa na historia hiyo ndani ya shavu langu. Nilifungua vitabu vyangu vya chuo, nikatafuta mengine kwenye simu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyotamani kuongea.

Siku nilipoweza kufungua mdomo vizuri, tulikuwa mezani wanne: mume wangu, mama mkwe, binti yetu wa mwisho ambaye ndiye peke yake amebaki nyumbani, na mimi. Kulikuwa na bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa kukaanga. Nikaanza. Niliwaeleza kwamba binadamu wa mwanzo kabisa walikula matunda ya porini, mizizi migumu, majani, wadudu, na nyama pale walipoipata, vyote vibichi, na kwamba walitafuna karibu mchana kutwa. Taya la mtoto hukua kwa kazi, kama msuli wa mguu. Kisha watu wakajifunza kukata nyama kwa jiwe kali, wakajifunza moto, na baadaye sana wakajifunza kusaga na kupika kwenye chungu. Chakula kikawa laini. Meno yakapungua ukubwa, taya likafupika, na utumbo nao, ambao zamani ulikuwa na kazi kubwa ya kuvunja majani, ukafupika. Wataalamu wengi wanadhani kwamba nguvu iliyookolewa tumboni ndiyo iliyolisha ubongo ukakua.

"Kwa hiyo," mume wangu alisema, akiangalia tonge lililokuwa mkononi mwake, "kosa ni ya bukari."

"Sikusema hivyo."

"Shi umesema bakubwa balitafuna, siye tunameza? Mi niko nameza bukari tangu nazaliwa. Angalia." Akapiga tumbo lake kwa kiganja. Tumbo lile lilikuwa limesemwa na daktari wa kazini muda si mrefu. Mume wangu hukaa ofisini katika kampuni moja ya madini, kwenye mgodi uitwao Mashamba, anafuatilia malori yanayoingia na kutoka shimoni, na kazi yake yote ni kiti, simu na kompyuta. Daktari alikuwa amemwambia atembee na apunguze sahani. Maneno hayo hayakumwingia. Lakini habari ya watu wa kale ilimwingia mara moja, kwa sababu haikumtaka apunguze chochote. Ilimtaka abadilishe tu.

"Kuanzia kesho," akatangaza, "mi nitakula kama bankambo. Hakuna bunga. Hakuna sufuria."

Mama mkwe aliangalia sufuria yake ya sombe, kisha akamwangalia mwanawe.

"Muzuri, tata," alisema; tata ni baba, ndivyo anavyomwita mwanawe. "Yetu itabakia mingi."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mume wangu jikoni anachoma hindi juu ya mbabula, jiko letu la makaa, amejawa na furaha. Sikuwa na nia mbaya, lakini mwalimu ni mwalimu.

"Muhindi haiko ya bankambo," nilimwambia. "Ilikuja na mashua kutoka ng'ambo ya bahari. Ni karne chache tu."

Akaliweka chini. "Basi viazi vitamu."

"Navyo pia."

"Karanga?"

"Pia. Na nyanya. Na maharagwe. Na pilipili."

Mama mkwe, aliyekuwa akiosha vikombe, aligeuka. "Na muhogo?"

"Na muhogo, mama. Ulitoka kule kule."

"Wapi!" alisema, na hilo "wapi" lake lilikuwa limekaza. "Muhogo wa kwetu Kasai? Uliopandwa na mama yangu na mama ya mama yangu? Muhogo ni yetu." Hadi leo hajakubali, na sijaendelea kumsumbua. Kwa namna yake ana haki. Watu wakishalima kitu vizazi na vizazi, wakakipa majina na kukipikia wageni, ni chao.

Mume wangu alisimama katikati ya jiko akiwa ameshika koleo la makaa. "Sasa bankambo balikula nini? Majiwe?"

Tulihesabu pamoja yaliyobaki. Kulikuwa na uyoga, na ndio ulikuwa msimu wake. Viwavi. Asali. Samaki wa mto. Nyama. Mboga za porini. Masuku, yale matunda ya mviringo yenye ganda gumu la kahawia ambayo akina mama huuza kwenye mabeseni kando ya barabara. Kiazi kikuu, kama angekipata sokoni. Alikipata, akakichoma, akakifunga kwenye gazeti, akaenda nacho kazini pamoja na viwavi vilivyokaushwa katika kopo la maziwa ya unga. Jioni alirudi akisema wenzake wa ofisini walimcheka hadi saa sita, na baada ya saa sita wakamlia viwavi vyote.

Siku ya pili ilikwenda vizuri. Alitembea kwa miguu hadi kituo cha basi la kampuni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu barabara yetu iharibiwe na malori. Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya maziwa.

Mwenzake mmoja ana ndugu anayefuga ng'ombe nje ya mji. Aliposikia habari za watu wa kale alimletea chupa kubwa ya maziwa mabichi, ya asubuhi ileile. Mume wangu hakuniuliza. Alifikiri kwamba kitu kinachotoka kwa mnyama moja kwa moja, bila kiwanda, lazima kiwe cha zamani. Aliinywa chupa yote kabla ya chakula cha mchana, kwa kujivunia, mbele ya mashahidi.

Alirudishwa nyumbani mapema na gari la kazi. Nilikuwa nimetoka shule muda huohuo, nikamwona anavuka ua akitembea kwa hatua fupifupi, uso wa kijivu, hakumsalimu hata mama yake. Mlango wa choo ukafungwa. Tumbo lake lilikuwa likinguruma hadi tukalisikia kutoka nje.

Nilisimama kando ya mlango. "Ulikula nini?"

"Maziwa," sauti ilijibu.

"Ya kuchemsha?"

"Ya ng'ombe."

Kwanza nilihakikisha kwamba hana homa na kwamba anaweza kunywa maji. Nilipoona ni gesi na kuhara tu, nikashindwa kujizuia. Nilimweleza, kupitia ubao wa mlango, kwamba mtoto mchanga wa binadamu ana kitu tumboni cha kuvunja sukari ya maziwa, na kwamba kwa watu wengi duniani kitu hicho hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Wale ambao wazee wao walifuga ng'ombe kwa maelfu ya miaka wakinywa maziwa, miili yao ilijifunza kukiendeleza hadi uzeeni. Wa kwetu walikuwa watu wa mto, wa shamba na wa kuwinda. Tumbo lake halikuwa na desturi hiyo.

Kisha sauti: "Na unaniambia sasa?"

Mama mkwe alicheka akaketi chini kwenye kizingiti, kitambaa cha kichwa kikamwanguka. Binti yetu alikimbilia kwa jirani kuchekea huko, kwa heshima.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini mume wangu ana sifa moja niliyompendea tangu tulipokuwa vijana: akicheka mwenyewe juu ya jambo, huwa haliachi. Usiku ule alikunywa maji ya chumvi na sukari huku akijicheka, na asubuhi akauliza kama Jumamosi hatuwezi kwenda porini, upande wa bwawa la Nzilo, tukale siku moja jinsi inavyotakiwa. "Wote," alisema. "Mi peke yangu nimechoka kuchekwa."

Tukaenda. Ndugu mmoja wa kanisa alituazima gari, na mume wangu akaliendesha polepole nyuma ya malori ya shaba, akikwepa mashimo yaliyojaa maji mekundu. Pembeni mwa barabara akina mama walikuwa wamepanga uyoga juu ya majani, mwingine mpana kama sahani. Tulinunua, tukanunua na masuku. Nyama ya mbuzi tulikuwa tumetoka nayo mjini, kipande kizima cha paja, kwa sababu mume wangu alitaka isikatwe. Sufuria ilibaki nyumbani. Kisu pia kilitakiwa kibaki, lakini nilikiona kwenye kikapu cha mama mkwe, chini ya kitenge, nikakiacha palepale.

Tulipata mahali pazuri chini ya miti, si mbali na maji yaliyotuama ya bwawa. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha harufu ya udongo. Mama mkwe alituacha tukikusanya kuni, akaingia kwenye majani na binti yetu nyuma yake. Tulimsikia akimwonyesha: hii ni ya kula, hii ya dawa, hii usiguse. Kuna mzizi mmoja ambao binti yetu aliuonja kwa ncha ya ulimi akautema mara moja.

"Inakauka mudomo! Ni kali!"

"Njo maana ulitema," nilimwambia nilipowafikia. "Ulimi wako ni mulinzi. Watu wengi walikufa ili ulimi ujue kuogopa uchungu." Alinitazama kama anavyonitazama ninapoanza kufundisha siku ya mapumziko, lakini akatema tena mara ya pili, safari hii kwa makini.

Moto uliwaka. Tukauweka uyoga juu ya makaa, ukatoa maji, ukanywea, ukanukia kama nyama. Kisha ukafika wakati wa lile paja. Mume wangu alilishika kwa mikono miwili, akaliuma upande uliokuwa tayari umebabuka kwa moto. Alivuta. Paja halikukubali. Alivuta tena, kichwa kikaenda nyuma, shingo ikatoka mishipa. Alipata kipande kidogo, akaanza kutafuna. Akatafuna. Tukala uyoga sisi watatu, tukaongea, na yeye bado anatafuna kipande kilekile, macho yamemtoka, hawezi kutia neno katika mazungumzo. Mama mkwe aliniinamia sikioni.

"Kumbe njo maana bankambo balikuwa na amani ku nyumba," alinong'ona. "Babwana balikuwa banatafuna."

Mume wangu alimeza hatimaye, akafuta jasho. Akatafuta jiwe. La kwanza aliloleta lilikuwa na mstari wa kijani wa shaba, zuri sana, lakini halikukata kitu. La pili likawa la kusagika. Mama yake alikuwa amekwisha kuanza kufunua kitenge juu ya kikapu. Ndipo mume wangu alipopata jiwe jeupe, gumu, la kung'aa kidogo kama chumvi, akalipiga kwa jiwe lingine huku amegeuza uso. Alipiga mara nyingi. Vipande vikaruka. Aliokota kimoja, chembamba, urefu wa kidole, akakipitisha juu ya nyama bila matumaini.

Nyama ikafunguka. Ilifunguka bila kelele, mstari ulionyooka, kama vile zipu.

Hakuna aliyecheka. Alikata tena. Kipande kikadondoka kwenye jani. Akakitazama kile kipande cha jiwe katika vidole vyake, akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kwa jina mahali ambapo hakutegemea kujulikana.

"Hii," alisema taratibu, "mutu aliifanya mara ya kwanza. Hakuonyeshwa na mutu."

Nilikuwa nimefundisha kuhusu zana za mawe maisha yangu yote ya kazi. Nilikuwa nimezichora ubaoni kwa chaki, na mishale, na majina. Sikuwahi kuona moja ikifanya kazi. Nilimwomba nijaribu. Jiwe lilikuwa baridi, na makali yake yalitisha kidogo. Nikakata kipande chembamba, tukakichoma, nikakitafuna upande wa taya usio na kidonda. Kilitafunika bila shida. Hapo nilielewa kwa mkono kile nilichokuwa nimekielewa kwa kichwa tu: jiwe lile lilikuwa jino jingine, jino la nje ya mdomo, na tangu siku mtu alipolishika, meno ya ndani yalianza kupumzika.

Tulipokezana. Binti yetu alikuwa hodari kuliko sote. Mama mkwe alikataa kwanza, kisha akachukua, akakata nyama yake vipande vidogo sawasawa kama anavyokata kwa kisu jikoni. Tulimaliza paja lile. Tukala masuku tukitema mbegu majini. Mvua ilipoanza kunyesha tulikimbilia garini, tumepakaa moshi na mafuta hadi viwikoni, na mume wangu akaimba njia nzima.

Jumapili, baada ya misa, alikula bukari. Aliomba aongezwe. Ile safari ya miguu kwenda kituoni hakuiacha, na miezi kadhaa baadaye mkanda wake ulikuwa umelegea kiasi cha kumfanya ajisifu kwa wageni, ambao hawakuuliza.

Mimi nilirudi darasani Jumatatu na somo tofauti na lile lililoandikwa kwenye maandalizi yangu. Niliwaambia wanafunzi wafunge madaftari, wageukiane wawili wawili, wafungue midomo, na kila mmoja atazame magego ya mwisho ya mwenzake, nani anayo, nani hana, ya nani yamebanana. Kelele zilikuwa kubwa sana. Wengine walikuwa wakicheka huku midomo iko wazi, jambo ambalo ni gumu kuliko mtu anavyodhani.

Mlango ukafunguka, prefe, yaani mkuu wa shule yetu, akasimama pale, mzee mnyofu kutoka kaskazini ya Katanga, mwenye tai kila siku hata wakati wa joto. Alilitazama darasa zima lililokuwa limeachama.

"Madame, kuna nini humu?"

"Ni somo, bwana prefe. Tunaangalia kama taya zetu zina nafasi ya meno yetu yote."

Alifikiri. Alifunga mlango nyuma yake, akaja mbele, akavua miwani, akainama kidogo kuelekea msichana wa dawati la kwanza, akafungua kinywa chake wazi kabisa.

"Angalia muzuri," alimwambia. "Meno zangu ziko zote."

Msichana aliangalia, akainua kidole, akaanza kuhesabu kwa sauti, na darasa lote likasimama ili lione.